Kifaru wa Begani

Mlinzi wa geti letu huku Lanet ana kabuti ambalo nadhani halijawahi kuanikwa juani. Mvua ikinyesha, na mwezi huu imenyesha kama iliyotumwa, harufu ya kabuti hilo hunifikia kabla sijazima gari: sufu iliyolowa, moshi wa makaa, jasho la miaka. Juzi alinifungulia geti akasema, "Mathe, ingia haraka, utanyeshewa." Mimi nikateremsha kioo nikabaki pale pale nikivuta pumzi. Kijana wa watu akadhani namlaumu kwa harufu, akaanza kuomba msamaha. Ningemwelezaje? Sina ugomvi naye hata kidogo. Nina ugomvi na wazee wawili waliokwisha kufa, na ugomvi wenyewe ni juu ya kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja cha mtoto.

Mimi hukusanya beji za jeshi. Sisemi zile za chuma zinazong'arishwa kwa ajili ya gwaride. Nasema zile za kitambaa, zilizoshonwa begani kwenye sare za askari wetu waliokwenda vita vya Wazungu, na za wale waliobaki kambini miaka iliyofuata wakiendesha malori na kulinda maghala. Mume wangu huziita uchafu wangu wa thamani. Wanangu wamenifundisha kuzitafuta kwenye simu, na mara moja moja namkuta mtu wa ng'ambo ameweka za kwake juu ya kitambaa cheusi, chini ya kioo, zimepigwa taa. Zangu ziko ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, ule ule nilioanza nao nikiwa darasa la tatu. Kila nikiufungua namkumbuka yule kifaru asiyemo, na hasira inanipanda upya.

Tulikaa Kuresoi, upande wa juu, mahali ambapo viazi hupapenda kuliko watu. Kugo, ndivyo tunavyomwita babu kwa lugha yetu, alikuwa na kabuti la jeshi lililomfika vifundoni. Aliishi ndani yake. Alikamua ng'ombe nalo, alikwenda kanisani nalo, na akijilaza mchana alijifunika hilo hilo. Wakati wa vita aliendesha lori huko Bama, yaani Burma, na vita vilipokwisha akabaki na jeshi miaka kadhaa, kambi za huku bondeni, akibeba Wazungu na mizigo yao. Hakuwa msimulizi. Ukimwuliza Bama kukoje alijibu neno moja tu, "Matope," kisha akakutuma maji.

Bega lake la kushoto ndilo lililosimulia. Hapo palikuwa na beji yenye umbo la yai, kitambaa cha njano kilichoanza kuwa rangi ya chai, na katikati kichwa cheusi cha kifaru, pembe juu. Nilimpenda kifaru yule kuliko mwanasesere yeyote, na bahati nzuri wanasesere hatukuwa nao. Nikikaa mapajani mwa kugo nilimpapasa kwa kidole, uzi kwa uzi. Nilijua ameshonwa kwa mshono wa matundu mawili mawili, na kwamba chini ya pembe kuna uzi mmoja uliolegea.

"Kugo, nipe huyu."

"Huyu haendi mahali."

"Nikimaliza kuleta kuni?"

"Hata ukileta msitu wote."

Kwa kuwa nilinyimwa yule mmoja, nikaanza kukusanya wengine. Wazee wa kilima chetu waliorudi kutoka vitani walikuwa bado wapo, na makabuti yao yalikuwa yamechakaa kiasi kwamba beji zilikuwa zinajidondokea zenyewe. Siku ya soko palikuwa pia na mama mmoja aliyeuza makabuti ya zamani. Kabla ya kuyatundika alifumua kila alama ya jeshi kwa wembe, maana polisi hawakumwacha raia apite nazo. Alizitupa pembeni ya gunia lake, nami nikaziokota na kuzifutia kwenye gauni. Nikapata swala, nikapata mamba, nikapata ndege mwenye mabawa wazi, nikapata mishale iliyopishana. Nyumbani mama aliuliza kama nimekosa cha kucheza nacho.

Sasa, hapa ndipo ujinga wangu ulipoanzia, ingawa mpaka leo nakataa kuuita ujinga. Watu wetu kila ukoo una mnyama wake. Tunamwita tiondo. Kuna ukoo wa simba, wa tembo, wa nyuki, na kadhalika, na watu wa mnyama mmoja ni ndugu, hawaoani. Haya niliyajua juu juu tu, kwa sababu baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka yasemwe kwake. Nilimwuliza mara ngapi! "Baba, sisi mnyama wetu ni nani?" Naye, bila kuinua macho kutoka kwenye jembe alilokuwa akilitia mpini, "Sisi ni watu wa Yesu." Nikamwuliza mama, mama akasema muulize baba. Nikamwuliza kogo, bibi yangu, yeye akatazama kama baba yuko karibu, kisha akaninong'oneza habari za mume na mke wa zamani waliooana wakiwa wa mnyama mmoja. Hawakupata mtoto, na ng'ombe wao wakakauka maziwa. Lakini mnyama wetu hakumtaja, alisikia mlango ukigongwa.

Mtoto asipojibiwa hujijibu mwenyewe. Mimi nilijijibu kwa kutazama bega la kugo. Mzee mzima hawezi kubeba mnyama begani miaka yote hiyo, kanisani na zizini, bila sababu. Sisi tulikuwa watu wa kifaru. Mzee jirani alikuwa wa swala. Yule fundi wa viatu alikuwa wa mamba. Niliupanga mkebe wangu kwa koo, nikawa najua undugu wa kilima kizima kuliko chifu. Nilimweleza hata mjukuu wa mzee jirani, msichana tuliyeketi naye dawati moja, kwamba yeye ni swala. Alikwenda nyumbani akilia, mama yake akaja kulalamika, nikachapwa. Nilichapwa vizuri, lakini sikuelezwa. Hilo ndilo linaloniudhi hadi sasa. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko mdomo.

Mwaka huo Senge Rael, yaani shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alipata mchumba. Aliitwa Wesley, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Elburgon, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Senge ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenifundisha kusoma, na usiku tulilala kitanda kimoja. Nilipogundua kwamba kuolewa maana yake ni kwenda, niligoma kula. Kugo akaniita.

"Chebet, kula. Siku ya koito tukimaliza maneno na hawa watu vizuri, nitakupa kifaru."

Koito ndiyo siku wazee wa pande zote mbili wanapokaa kukubaliana. Nilimwambia aape. Akaapa kwa ng'ombe wake mweusi. Nikala viazi vyote vilivyokuwa kwenye sahani, nikaomba vingine. Kuanzia hapo nilisali kila jioni koito ifike upesi. Nilikuwa nimempandisha Senge kwenye mizani na kifaru, na aibu hiyo nilimwambia Mungu ni ndogo.

Wageni walifika mvua ikiwa imewapata njiani. Wazee wakaingia sebuleni, na makabuti yao yaliyolowa yakaletwa jikoni yakauke. Nikapewa kazi ya kuyageuza karibu na moto. Jiko likajaa ile harufu, harufu ya mlinzi wa Lanet. Nikageuza la kwanza, nikageuza la pili. Kabuti la tatu lilikuwa la baba yake Wesley, lilikuwa la jeshi, refu kama la kugo, na nilipolifikisha bega la kushoto kwenye mwanga mikono yangu ikasimama.

Beji haikuwepo. Palikuwa na alama yake tu: yai la kitambaa ambacho hakijapauka, kijani kibichi kama siku kilipotoka dukani, wakati kabuti lote lililobaki limekuwa rangi ya vumbi. Pembeni ya yai kulikuwa na matundu ya sindano, mawili mawili. Nikachukua kabuti la kugo msumarini nikayalinganisha, bega kwa bega. Yai kwa yai. Mtu mwingine yeyote angeona doa. Mimi nilimwona kifaru.

Basi Wesley alikuwa wa kifaru, na Senge wa kifaru. Mle sebuleni wazee walikuwa wanamwoza Senge kwa ndugu yake, na wale watu wa Elburgon walikuwa wamemfumua mnyama wao ili tusijue.

Ningenyamaza ningepata beji yangu siku hiyo hiyo. Nataka msomaji alijue hilo, kwa sababu nyumbani kwetu hadithi hii husimuliwa kwa kicheko, na sehemu hiyo huachwa. Nilikuwa na miaka tisa, na kitu nilichokitaka kuliko vyote duniani kilikuwa kimebakiza kikombe kimoja cha maziwa lala, kile wazee wanachonywa kufunga maneno, kifike mkononi mwangu. Nikaamua kusema.

Kusema! Nani asikilize?

"Mama, ngoja nikwambie kitu."

"Unaona nimebeba chai? Toka hapo njiani."

"Kogo, hawa watu ni wa kifaru."

"Kifaru gani sasa? Leta kuni, moto unazima."

Nikamvizia baba alipotoka kuangalia ng'ombe. "Baba, Senge hawezi kuolewa na hawa."

"Funga mdomo. Wageni watasikia."

Nikaenda chumbani, ambako Senge alikuwa ameketi na wasichana wenzake, amevaa gauni jipya, mikono imetulia mapajani kama si yake. Nikamnong'oneza, "Senge, Wesley ni ndugu yako."

"Nani amekwambia?"

"Beji."

"Ai, Chebet na beji zako," akasema, akanibana shavu. Wenzake wakacheka. Nikatoka nje nikapiga teke ndoo.

Kisha nikarudi jikoni, nikayachukua makabuti yote mawili, moja kila mkono, nikayaburuta mpaka sebuleni. Yalikuwa mazito, na la mgeni lilikuwa bado linadondosha maji. Nikayalaza sakafuni katikati ya wazee, bega kwa bega.

"Hawa ni mnyama mmoja," nikasema. "Wamemficha."

Baba akainuka, na mkono wake nikaujua unakokwenda. Lakini baba yake Wesley, mzee mwembamba asiye na meno ya mbele, akasema, "Muache huyo mtoto." Akainama, akagusa lile yai la kijani kwa kidole. "Umejuaje alikuwa kifaru?"

"Matundu ni mawili mawili. Na ni yai. Swala ni mraba, mamba ni mviringo."

Mmoja wa wajomba akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka nyumba. Wazee wawili tu hawakucheka. Kugo alikuwa amesogeza kiti.

"Ulikuwa huko?" akauliza. Hakuuliza kwa lugha yetu. Aliuliza kwa Kiswahili, kile cha jeshi, ambacho sikuwahi kumsikia akikisema kwa sauti.

"Nilikuwa."

"Matope," akasema kugo.

"Matope," akajibu mgeni.

Kisha mgeni akaeleza, bado kwa Kiswahili kile. "Yangu ilikatwa. Niliporudi nikapata kazi ya soja kwa kiwanda ya mbao. Mzungu wa kiwanda akasema mtu mweusi hawezi simama kwa geti yake na alama ya jeshi. Akatoa kisu, akakata mbele ya watu wote, akatupa kwa moto ya maranda. Mimi nimesimama tu hivi, attention." Akaweka mikono ubavuni kuonyesha. "Kabuti sijatupa. Nilisema wacha ikae hivyo, na shimo yake."

Kugo hakusema pole. Akanigeukia. "Chebet, leta wembe."

Maneno yameisha vizuri, hakuna aliyekasirika, na kugo ni mtu wa kiapo! Nilikimbia, nikarudi na wembe, nikapiga magoti mbele yake. Alilaza bega la kabuti gotini akafumua uzi mmoja baada ya mwingine, ukiwemo ule uliolegea chini ya pembe. Kifaru akanyanyuka. Chini yake kulibaki yai la kijani kama la mgeni. Nikanyoosha mikono yote miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kutoka kwa mkubwa.

Akampitisha juu ya mikono yangu akampa yule mzee.

Nililia. Si kilio cha adabu. Nilijitupa chini juu ya yale makabuti. Na unajua wanawake walisema nini? Walisema maskini mtoto anamlilia senge yake. Wakanibeba nje, wakanipa mandazi, wakanipigapiga mgongoni, na kila mmoja alinifariji kwa jambo ambalo sikuwa nalililia. Kogo akatia uzi kwenye sindano, akamshona kifaru kwenye bega la mgeni kabla kabuti halijakauka. Nilimwona akiondoka naye kwenye ukungu, bega la kushoto juu kidogo kuliko la kulia.

Asubuhi yake nilimwendea kugo zizini. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Uliapa kwa ng'ombe mweusi."

Akaendelea kukamua. "Kabuti ni lako nikifa," akasema.

Baba naye alinisimamisha mlangoni. "Ukoo uliulizwa siku ya kwanza walipokuja. Sisi ni tembo, wao ni nyuki. Kifaru ni mnyama wa Mzungu, alishonea watu wote, Mkamba, Mganda, kila mtu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza," akasema baba yangu, mzee wa kanisa.

Kugo alipokufa neno lake lilitimia. Kabuti ninalo, linaning'inia kabatini hapa Lanet, na yai la kijani liko begani. Yule mzee wa Elburgon alimfuata miaka michache baadaye, na alikuwa ameagiza azikwe na kabuti lake. Nilikuwa tayari mtu mzima, na nilisimama kwenye jeneza kwa muda uliopita adabu, kwa sababu njano ilionekana kidogo pale kwenye mkunjo wa mkono. Watu wakasema tazama jinsi alivyompenda mzee. Kwa mara ya pili nikafarijiwa kwa jambo jingine.

Mwanangu aliwahi kunitafutia kwenye simu pacha kabisa wa kifaru wangu, njano, yai. Alifika kwa posta akiwa msafi. Nilimweka juu ya bega la kabuti akakaa sawasawa, tundu kwa tundu. Nikamtazama, nikamwondoa. Kifaru huyo hajawahi kuona zizi letu. Yuko mkebeni pamoja na swala na mamba, na simpendi.

Jumamosi iliyopita, kwa sababu ya yule mlinzi na harufu yake, niliendesha mpaka Elburgon kumwona Senge Rael. Ni mjane sasa, magoti yanamsumbua, na barabara ya kwake bado inanuka mbao mbichi. Tulikunywa chai. Nikaanza malalamiko yangu ya kila mara, kifaru wangu, kiapo, mikono yangu imenyooshwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wa nyumba yetu hawajui kulifanya.

"Na ungenyamaza siku hiyo ungepewa," akasema.

"Najua."

"Sasa mbona hukunyamaza?"

"Ningenyamazaje? Ulikuwa unaolewa na ndugu yako!"

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Unajua, Chebet, nilikuwa kwa hiyo bedroom nikiogopa vibaya sana. Wesley nilimpenda, lakini niliogopa. Na nyumba nzima ilikuwa inataka niende, mama, baba, kanisa, hata hao wasichana. Hakuna mtu aliniuliza kitu. Ni wewe tu ulikuja ukasema siwezi enda." Akanishika mkono. "Nilisikia kila kitu kwa ukuta. Nikatulia. Nikaona, kumbe nikienda, kuna mtu mmoja amejaribu kunizuia."

Nje lori la magogo lilipita, vikombe vikatikisika. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, kitu kinachomfaa mtu aliyenisuka nywele na kunifundisha kusoma.

"Asante, Senge," nikasema. "Lakini bado namtaka kifaru wangu."

"Mimi pia nilikutakia umpate," akasema, akanimiminia chai nyingine. "Siku ya mazishi ya babake Wesley nilikuwa na wembe kwa mfuko. Lakini ulikuwa umesimama hapo kwa jeneza, hukutoka."